Uzi: Bond ninayemkubali ni yule anayepigwa mpaka unasahau kwamba hafi

#1 (mleta uzi)

Wakuu, habari za saa hizi.

Kila ukianza mjadala wa muvi za jasusi James Bond watu wanakimbilia swali lile lile: kati ya waliomcheza nani mkali, Connery, Moore au Craig? Binafsi swali hilo limenichosha. Muvi hizi nazipima kivingine: humo ndani jamaa anapata tabu kiasi gani?

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tunaijua sheria moja ambayo haikuandikwa popote: steringi hafi. Unatoa kiingilio chako, unabanana kwenye benchi, na unajua fika kwamba risasi zote zitapita kushoto na kulia kwake. Bond ndiye aliyeishi kwa sheria hiyo kuliko wote. Tangu Dr. No ya 1962 hadi No Time to Die ya 2021 kuna muvi 25 za kampuni ya Eon (sihesabu ile ya vichekesho ya 1967 wala Never Say Never Again ya 1983, hizo zilitengenezwa na watu wengine). Nyingi kati ya hizo ni burudani safi, unacheka, unaangalia magari, unaenda kulala. Chache ndizo zinazokushika shati. Unajua hafi, lakini kwa dakika mbili tatu unasahau kwamba unajua. Hizo chache ndizo zangu.

Naanza na From Russia with Love, 1963. Ni ya pili kutoka na kwangu ni ya kwanza kwa ubora, na sioni ikishushwa.

Wengi wanaikumbuka kwa Istanbul na mabibi. Mimi naikumbuka kwa chumba kimoja cha treni. Red Grant, muuaji aliyechezwa na Robert Shaw, anamfuata Bond karibu muvi nzima bila kutamka neno. Unamwona nyuma ya dirisha, unamwona kwenye korido, unamwona stesheni. Kuna mahali anamuua mtu ambaye angemdhuru Bond, kwa sababu anataka mzigo wake ufike salama mpaka yeye mwenyewe aupokee. Halafu anapofungua mdomo anazungumza Kiingereza cha kistaarabu, anajifanya jasusi mwenzake Bond kutoka London. Mezani anaagiza mvinyo mwekundu na samaki. Bond anamtupia jicho, anaacha lipite. Dakika chache baadaye yuko chini amepiga magoti, bastola iko usoni, na ndipo anamwambia Grant kwamba mvinyo ule ulipaswa kumshtua. Jibu la Grant ni la kuuma: unaijua mivinyo yote, lakini anayepiga magoti ni wewe.

Hapo tazameni kazi ya brifkesi. Q, fundi wa vifaa vya majasusi, amempa Bond mkoba wenye sarafu 50 za dhahabu, kisu cha kificho na kopo linalofanana na poda, kumbe ni gesi ya machozi. Ukifungua vibaya inakulipukia. Bond anaomba sigara ya mwisho kwa malipo ya dhahabu. Grant anauliza kama kwenye mkoba wa pili kuna nyingine. Bond anaharakisha mkono kama mtu anayetaka kuuwahi yeye, na kwa sababu hiyo tu Grant anamzuia, anaufungua mwenyewe. Tamaa imemmaliza kabla ya ngumi ya kwanza.

Kisha wanapigana. Hakuna muziki hata kidogo. Ni vishindo, pumzi, vioo na mlio wa treni, taa imevunjika na chumba kimebaki na mwanga wa bluu. Hawana nafasi ya kurusha mkono sawasawa, wanagonga kila ukuta. Grant anavuta waya kutoka kwenye saa yake amnyonge, na waya huo huo ndio unaomrudia. Mhariri wa picha alikuwa Peter Hunt. Shikeni jina hilo, nitalirudia. Bond anapomaliza anakaa, anaweka tai sawa, anahema. Sijaona pambano la Bond lililolipita hili, na nimeyaangalia yote.

Tukiwa hapo hapo, Kerim Bey, yule mkuu wa kituo cha Istanbul mwenye watoto wa kiume kila ofisi, alichezwa na Pedro Armendáriz wa Mexico. Alikuwa anaumwa saratani wakati wanapiga picha na alifariki Juni 1963, muvi haijatoka. Ukiijua habari hiyo, ucheshi wake wote humo ndani unaupokea kwa namna nyingine.

Ya pili ni On Her Majesty's Secret Service, 1969. Najua mtaniambia Lazenby hajui kuigiza. Jamaa alikuwa Mwaustralia, mwanamitindo wa matangazo ambaye hajawahi kubeba muvi, akacheza Bond mara moja tu na kuondoka. Sawa. Ila mwongozaji ni yule yule Peter Hunt wa chumba cha uhariri, na alijua anachokitaka: Bond anayeogopa.

Tukio ni hili. Bond ametoroka kwenye ngome ya adui yake Blofeld juu ya mlima Schilthorn, Uswisi, kule kwenye mgahawa unaozunguka. Amekimbizwa usiku mlima mzima. Anaingia kijijini kwenye sherehe, kila uso anaona adui, mtu aliyevaa kama dubu anamshtua mpaka anarusha mkono. Mwishowe anakaa pembeni ya uwanja wa barafu, kola juu, kichwa chini, amekwisha. Hana kifaa cha Q, hana gari, hana mpango. Viatu vya kuteleza kwenye barafu vinasimama mbele yake. Kamera inapanda taratibu kutoka kwenye viatu: ni Tracy, mpenzi wake, aliyechezwa na Diana Rigg. Mwanamke ndiye anayemwokoa, anashika usukani na wanaondoka. Mwaka 1969!

Akamwoa. Na kama hujaiona sitakumalizia, ingawa ina miaka zaidi ya 50 na kila mtu anaujua mwisho wake. Niseme tu kwamba kioo cha mbele cha lile gari hakitoki kichwani.

Ya tatu: Licence to Kill, 1989, Timothy Dalton. Hii ilitoka kiangazi kimoja na Batman na Indiana Jones ikapigwa vibaya Marekani, na watu walilalamika ina damu mno. Uingereza walizuia walio chini ya miaka 15. Kwangu mimi ndiyo muvi pekee ya Bond inayohusu fitina kama tunavyoijua mtaani. Rafiki yake Felix Leiter ametoka kuoa, mke anauawa, Felix mwenyewe anatupwa kwa papa aliwe. M, bosi wa Bond, anamwambia aachane na jambo hilo, Bond anakataa, ananyang'anywa leseni. Sasa ni mtu binafsi mwenye kisasi.

Adui ni Franz Sanchez, muuza unga, Robert Davi. Jamaa ana msimamo mmoja: uaminifu kwake ni zaidi ya pesa. Bond akiushajua udhaifu huo hamfyatulii risasi. Anaingia kwake kama rafiki, halafu anapandikiza shaka. Anaficha pesa za Sanchez kwenye meli ya mtu wake, na Sanchez anamuua mtu wake mwenyewe kwenye chumba cha presha cha wapiga mbizi, akidhani kasalitiwa. Mmoja baada ya mwingine. Bond anasimama pembeni na glasi mkononi. Halafu mwisho, kiberiti cha gesi alichopewa na Felix siku ya harusi. Basi.

Ya nne naiandikia posti yake, maana inatuhusu sisi wa Afrika Mashariki na nina la kusema. Nakuja.

#2

Nimeweka kambi hapa. Endelea mkuu.

#3

Mleta uzi unaonea. Yaani Goldfinger haipo? Gari la Aston Martin DB5, kiti kinachorusha abiria, muuaji Oddjob na kofia yake, Shirley Bassey anaimba mpaka mishipa inatoka, na wewe unatuletea Lazenby? Bond ni starehe. Mtu akitaka kuona anayepigwa aangalie ndondi.

#4 (mleta uzi)

Mkuu #3, Goldfinger ni nzuri na sikatai. Lakini angalia vizuri, nusu nzima ya pili Bond ni mfungwa, anatembezwa tu kwenye shamba la farasi kule Kentucky. Hata lile bomu kwenye hazina ya dhahabu ya Fort Knox, anayelizima ni mtaalamu mwingine aliyefika dakika za mwisho, Bond alishaanza kuvuta nyaya ovyo. Naipenda kwa Gert Fröbe, aliyemcheza Goldfinger, peke yake. Mjerumani yule Kiingereza chake kilikuwa kigumu, sauti unayoisikia ni ya mwigizaji mwingine, na bado anatisha.

Haya, ya nne. Casino Royale, 2006.

Baada ya nyimbo na majina, skrini inaandika: Mbale, Uganda. Mvua, msitu, kambi ya waasi, watoto wenye bunduki, na kamanda anayeitwa Obanno anakabidhi fedha zake kwa Le Chiffre, mtunza fedha wa magaidi na adui wa muvi hii, azitunze. Sasa aliyewahi kufika Mbale anijibu: ule ni Mbale upi? Mbale ni mji wa maduka na shule, uko chini ya Mlima Elgon, mabasi yanapita kwenda na kutoka mpaka wa Kenya. Vita vya waasi wa miaka ile vilikuwa hasa kaskazini, upande wa Gulu na Kitgum. Na huo msitu unaouona ni Black Park, Buckinghamshire, jirani na studio za Pinewood, Uingereza. Waganda wamepewa jina la mji, Waingereza wamepiga picha nyuma ya nyumba yao. Mkimbizano wa "Madagaska" nao ulipigwa Bahamas, na ubalozi anaouvamia ni wa Nambutu, nchi ambayo haipo kwenye ramani yoyote. Afrika ya Bond ni bango tu la kuonyesha kwamba mambo ni mabaya.

Hilo nimelisema na nalishikilia. Pamoja na hayo, Obanno ndiye mtu aliyenipa tukio langu la pili kwa ubora katika muvi zote 25. Isaach de Bankolé wa Ivory Coast alimcheza, na hakumcheza kama kikaragosi. Anafika hotelini Montenegro anadai pesa yake iliyopotezwa kwenye soko la hisa. Madai halali kabisa, ukiacha jinsi alivyoipata! Anashika panga, anauliza maswali kwa sauti ya chini. Akitoka kwenye korido anakutana na Bond na Vesper, yule afisa wa hazina ya Uingereza aliyefuatana naye, wanajifanya wapenzi wanabusu, lakini kifaa cha kusikilizia kilichoko sikioni kwa Bond kinamuumbua.

Kinachofuata ni ngazi. Wanashuka kila ghorofa wakiuana. Si ile ya kurusha teke moja mtu anaruka kioo. Wanang'ang'aniana, wanateleza, wanabingirika, Bond anamkaba Obanno chini kabisa na inachukua muda mrefu sana, mpaka unaanza kuona aibu kutazama. Vesper anaupigapiga mkono wa Obanno wenye bastola mpaka aiachie. Halafu Bond anapanda juu, anaosha damu, anatazama kioo, anakunywa kitu kikali, anabadili shati, anarudi kwenye meza ya karata kama mtu aliyetoka kupokea simu.

Akirudi chumbani baadaye anamkuta Vesper amekaa chini ya bomba la mvua na nguo zake zote, anatetemeka. Hamwambii kitu cha maana. Anakaa naye pale pale kwenye maji, na suti yake. Miaka 44 ya muvi za Bond, watu wamekufa kwa mamia, na hiyo ndiyo mara ya kwanza naona mtu akikaa chini kwa sababu ameona mtu akifa.

Jambo lingine dogo kwenye ule mkimbizano wa mwanzo. Anayekimbizwa ni Sébastien Foucan, mmoja wa waanzilishi wa mchezo ule wa kuruka majengo. Anapita kwenye kitundu juu ya ukuta kama paka. Bond anafika, anaangalia kile kitundu, anapasua ukuta wa jipsamu kwa mwili wake anapita. Umeshamjua mtu mzima kwa sekunde tatu na hajasema neno.

#5

Mimi niko Mbale mzee. Tulivyoiona kwenye ukumbi watu walipiga kelele jina la mji lilipotokea, halafu kimya, halafu kicheko. Miti gani ile! Hata matope si yetu.

#6

Salamu kutoka Nairobi. Boss umeandika vizuri lakini umeruka GoldenEye na hiyo siwezi nyamazia. 1995, miaka sita baada ya Licence to Kill kwa sababu ya kesi za kampuni, kila mtu alishasema Bond amekwisha, vita baridi vimeisha, atapigana na nani? Halafu mtu anajirusha kutoka ukuta wa bwawa la Verzasca, Uswisi, mita 220, na hiyo si kompyuta, ni binadamu anaitwa Wayne Michaels. Judi Dench, aliyecheza M, anamketisha Bond chini anamwambia amepitwa na wakati. Adui ni 006, mtu aliyefunzwa naye. Kwa kipimo chako mwenyewe inaingia. Na sisi wa ule mchezo wa Nintendo wa 1997 tuna deni la maisha.

#7 (mleta uzi)

Mkuu #6, GoldenEye ni ya sita kwangu, na inaumia kuiweka hapo. Mwongozaji wake Martin Campbell ndiye huyo huyo wa Casino Royale: alimfufua Bond mara mbili kwa waigizaji wawili tofauti, na sioni akitajwa vya kutosha. Tatizo langu ni Pierce Brosnan, Bond wa muvi hiyo. Ana kila kitu, lakini nywele zake hazivurugiki. Anapita na kifaru katikati ya St Petersburg, anatoboa ukuta, halafu anaweka tai sawa. Bond wa 1963 aliweka tai sawa baada ya kuponea chupuchupu. Huyu anaweka kwa ajili yetu sisi watazamaji. Na ukianza hapo, ndani ya miaka saba umefika Die Another Day na gari lisiloonekana.

#8

Hahaha gari lisiloonekana. Kibanda chetu mtafsiri alisema "hapa hata mimi sioni".

#9

Roger Moore je? Au kwa kuwa alikuwa anacheka sana hahesabiki? Muvi saba, mzee alicheza mpaka ana miaka 57, heshima kidogo.

#10 (mleta uzi)

Hapo umenigusa, kwa sababu ya tano yangu ni ya Moore na inakwenda kinyume na kila nilichosema juu. The Spy Who Loved Me, 1977. Bond hapati hata mkwaruzo. Gari la Lotus linaingia baharini linakuwa nyambizi, linatoka ufukweni katikati ya watu, Moore anashusha dirisha anatoa samaki nje. Jaws, lile jitu la meno ya chuma, anang'ata minyororo na kufuli. Walijenga jengo jipya kabisa pale Pinewood ili tu ziingie nyambizi tatu ndani ya meli. Hakuna hata chembe ya hofu.

Ila kuna ule mwanzo. Bond anashuka mlima kwa skii, anakimbizwa, mlima unakwisha, anaruka. Muziki unakatika. Huyo anayeanguka ni Rick Sylvester, na pale ni Mlima Asgard, kisiwa cha Baffin, Kanada. Skii zinamtoka mguuni moja moja. Anaanguka. Bado anaanguka. Ukimya ni mrefu kiasi kwamba nilikuwa namwona baba yangu, mtu ambaye hakujali sinema, anaweka kikombe chini. Halafu mwavuli unafunguka na bendera ya Uingereza, na unacheka kwa sababu umeokoka wewe. Kwa hiyo hata hapo kipimo changu kinasimama kwa sekunde ishirini. Zinanitosha.

Live and Let Die naiheshimu kwa mamba tu. Watengenezaji walikuwa wanatafuta maeneo Jamaica wakakuta shamba lina kibao kinachosema wavamizi wataliwa. Mwenye shamba, Ross Kananga, ndiye aliyekimbia juu ya migongo ya mamba halisi badala ya Moore, akarudia mpaka ikakubali, mmoja akamdaka kiatu. Adui wa muvi akapewa jina lake.

#11

Mimi wa Lubumbashi. Miaka yote nilidhani wamechukua jina la mji wetu wa Kananga kule Kasai, nikasema hawa Wazungu wametutukana tena. Kumbe ni mwenye mamba. Asante.

#12

Mleta uzi umekwepa No Time to Die. Ulituambia steringi hafi. Sasa?

#13 (mleta uzi)

Sijaikwepa, nilikuwa nasubiri mtu aitaje. Nilitoka ukumbini 2021 na watu walikuwa wamesimama nje wanabishana kama wametoka kwenye mechi yenye bao la utata. Mzee mmoja alikuwa anasema warudishiwe pesa.

Maoni yangu: kumuua si kosa, ni namna walivyomuua. Anasimama juu ya kile kisiwa, anajua makombora yanakuja, anaongea na simu, muziki umejaa, kila kitu kimeandaliwa. Ananiaga. Sasa mtu akiniaga mimi nimeshajiandaa, sina wasiwasi tena, nina huzuni tu. Linganisha na pale Casino Royale anapotoka mezani ana sumu mwilini, anajikokota mpaka kwenye gari, anajishikiza mashine ya moyo, anabonyeza, na waya haujaunganishwa. Bond hafi hapo, unajua hafi, kuna muvi nzima imebaki, na bado nilisimama. Kwenye No Time to Die anakufa kweli nami nimekaa.

Skyfall, kabla hamjaniuliza: picha za Roger Deakins pale Shanghai ni nzuri kuliko muvi yenyewe. Javier Bardem, aliyecheza adui Silva, anastahili sifa, wimbo wa Adele ulichukua Oscar kwa haki. Bado naiweka chini ya hizo zangu tano, kwa sababu mpango wa Silva unategemea kila mtu duniani afanye ujinga kwa saa inayotakiwa, hata treni.

#14

Sijawahi kuona hata moja nje ya Spectre, nikalala. Nianzie wapi?

#15 (mleta uzi)

Spectre ungelala hata ungekuwa na kahawa, ingawa dakika za mwanzo kule Mexico City ni kazi kubwa. Anza na Casino Royale, usiku, simu iwe mbali. Usiunganishe na Quantum of Solace siku hiyo hiyo hata kama inaanzia palepale ilipoishia; ilipigwa kipindi cha mgomo wa waandishi Marekani na inaonekana. Wiki inayofuata rudi nyuma mpaka From Russia with Love. Utaona saa nzima ya kwanza inatembea polepole, watu wanakunywa kahawa Istanbul na kupelelezana. Vumilia mpaka waingie kwenye treni. Ukifika kwenye samaki na mvinyo, njoo uniambie kama ulimshtukia.